Neno Lililomezwa na Mashini

Mama Mado anasema alikuwepo, na kwa kuwa Mama Mado hakosi kuwepo popote penye maneno, hakuna aliyembishia. Anasema ilikuwa kwenye mashini ya kusaga mahindi, hapa Manika, mtaa wa Kolwezi, na wanawake walikuwa wamejaa mpaka nje, kila mmoja na beseni lake. Anasema Ndaya, yule binti wa Wakasai anayekaanga mikate karibu na robine, bomba la maji la mtaa, aliliacha beseni lake kwenye mstari, akaenda kuchuchumaa pembeni ya Mwanvua, mke wa Amadi mwenye lori, aliyekuwa na mimba kubwa hivi. Hapo Mama Mado huweka mikono mbele ya tumbo lake mwenyewe, ambalo halihitaji sana kuongezewa. Kisha, anasema, Ndaya akamwekea mwenzake mdomo sikioni, akamwambia: mtoto atakufa.

"Nilisikia na masikio yangu hii mbili," anasema Mama Mado. "Si eti banielezea. Mutoto atakufa! Na vile alikuwa anasema, hata jicho halikutikisika. Mwanamuke wa pembeni, deziem biro, anakuya kulaani mimba ya bibi wa nyumba, muchana, mbele ya batu! Tuko wapi, banamama? Tuko wapi?"

Jioni ile ile, kwenye robine, Ndaya alikuwa tayari ameshapuliza unga kwenye tumbo la Mwanvua. Kesho yake unga ulikuwa umegeuka majivu, na majivu yalikuwa yamefungwa katika kitambaa chekundu. Nyongeza hizo si za Mama Mado, tumpe haki yake. Yeye alisema alichosikia. Maneno yale yalitoka kweli katika kinywa cha Ndaya. Lakini kulikuwa na mengine yaliyoyatangulia, na hayo hakuyasikia mtu, hata yule aliyekuwa akiambiwa.

Ndaya alikuwa mtu wa kungoja. Kazi ya mikate ndiyo iliyomfundisha: unga una saa zake za kuumuka, mafuta yana saa yake, na anayeharakisha huuza mikate mibichi ndani. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chake tangu alfajiri, akitazama watu wanavyopita, na kwa kutazama tu alijua nani amegombana na mkewe na nani amepata kazi. Shule aliishia kwa masista, darasa la sita. Wazazi wake walikuwa wamelala kwenye makaburi ya Mutoshi, na aliyemlea ni shangazi yake, Mama Tshibola.

Amadi alianza kwa kununua mikate. Kila alipokuwa anaondoka kwenda Sandoa kuchukua mihogo mikavu, alisimamisha lori, akala akiwa amesimama, akasifu, akarudi. Watu wa kwao walitoka upande wa Kasongo, Waislamu, wafanyabiashara na wasafirishaji, na yeye alikuwa na ulimi mtamu wa barabarani. Alisema mwezi wa kufunga ukiisha atakwenda kwa wajomba wa Ndaya kusema maneno ya ndoa, maana dini yake haikumkataza mke wa pili. Mama Tshibola hakuipenda habari hiyo, lakini sabuni na sukari za Amadi zilikuwa zimekwisha kuingia nyumbani, na mimba ya Ndaya ilikuwa imekwisha kuonekana.

Mimba ile ilitoka ikiwa na miezi sita. Mtoto alikuja bila sauti.

Ndaya alipopata nguvu za kutembea alirudi dispensari, kwa sababu walikuwa wamemchukua damu na kumwambia arudi. Mwuguzi wa pale aliitwa Mama Elise. Tangu serikali ilipoagiza watu waache majina ya ubatizo na kurudia ya mababu, mlango wa chumba chake uliandikwa Sitwayen Mbombo, yaani Mwananchi Mbombo, lakini ulikuwa ni mlango peke yake uliomwita hivyo.

"Ikala, Ndaya," alisema Mama Elise. "Jibu ya damu yako imerudia. Ni kaswende."

"Kaswende? Ile ya bale banamuke ba mu kabare?"

"Haichaguake. Inaingia, inalala. Kadonda kanatoka, hakaume, kanakauka keenyewe, mutu anafurahi. Kumbe iko ndani inatembea. Mwanamuke akishika mimba, inafuata mutoto mule mule ndani."

"Njo ile ilikula wangu?"

Mama Elise alifunga daftari lake. "Njo ile," alisema.

Ndaya hakulia. Alitazama mikono yake, yenye madoa ya mafuta ya moto, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

"Wewe tutakupiga mashindano, utapona," Mama Elise aliendelea, akimwonyesha bomba la sindano. "Lakini ukirudia kulala na mwenye hakupigwa, unaiokota tena. Mwanaume ni moja?"

"Ni moja."

"Iko na bibi?"

"Iko naye. Na iko na mimba. Miezi saba."

Mama Elise alikuwa akipanga chupa za dawa. Akaacha kupanga.

"Basi ule njo wa mbio. Bwana anaweza kungoja, hata wewe ungengoja. Tumbo haingojake. Mashindano ikimukuta mbele ya kuzala, mutoto anaweza kupona pamoja naye. Umuambie akuye. Umuambie tu tutamusafisha damu."

"Si uende weye, mama? Ukiwa na robe yako nyeupe, atakusikia."

"Nikisimama na robe nyeupe ku mulango ya mutu, avenu nzima inajua mbele ya yeye kujua. Nilifanyaka vile zamani. Bwana akanifukuza, akafungia bibi mu nyumba, sikumuona tena. Hapana, Ndaya. Ni wewe unajua namna ya kumufikia."

Ndaya alitoka na sindano yake ya kwanza ikimuuma pajani na neno moja mdomoni: kusafisha damu. Lilikuwa neno la heshima. Halimtukani mtu. Alilikariri njia nzima.

Alianza na Amadi, kama ilivyopasa. Alimkuta uwanja wa malori, amelala chini ya gari lake, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje. Basi akazungumza na miguu.

"Amadi."

"Ee, mama ya mikate! Leta mbili. Mikono iko na mafuta, utaniwekea mu kinywa."

"Leo sikuleta mikate. Toka."

"Sema tu. Masikio haina mafuta."

Akamwambia. Akamwambia damu yake imeonyesha nini, na mtoto wao alikufa kwa nini. Mlio wa ufunguo kwenye chuma ulikatika. Baadaye ukaanza tena, polepole.

"Kaswende? Miye? Uliniona natembea vibaya? Ile inaunguzaka mutu, akienda kukojoa analia kama mbuzi. Mi sina kitu."

"Ile unasema ni sopisi, kisonono. Hii haiunguze. Hukupataka kadonda?"

Mguu mmoja ukakuna mwenzake.

"Kadonda kalikuwa," ilisema sauti ya chini ya lori. "Kamoja tu. Kalikauka. Na docta wa soko alinipatia bidonge, ile nyekundu na njano. Nilikunywa mbili."

"Mbili haisaidie. Inaomba mashindano. Wewe, na miye, na Mwanvua."

Kwa jina hilo Amadi alitoka chini ya lori, akakaa juu ya udongo, uso umejaa mafuta meusi. Hakuwa tena na utani.

"Mwanvua usimutaje. Mi nitaenda kupigwa, kama inakufurahisha, nikitoka Sandoa. Lakini Mwanvua hapana. Alizika mbili, Ndaya. Mbili! Mamangu anasema ni kijicho ya batu, tulilipa mpaka walimu bakasoma mu nyumba. Sasa nimuambie nini? Eti ni miye?"

Neno lilimtoka kabla hajalishika. Wote wawili walilisikia.

"Ee," alisema Ndaya. "Umuambie njo vile."

"Siwezi."

"Basi nitamuambia miye."

"Ukimuambia, maneno ya wajomba yako uisahau. Nitakupita mu njia kama mutu anapita nguzo ya umeme." Akafuta mikono kwa kitambaa, akatazama pembeni. "Mwanamuke wa kunipenda hawezi kunifanyia vile."

Kesho yake lori liliondoka kwenda Sandoa bila kusimama kwenye mikate. Mvua zikaja, barabara ikageuka tope, malori yakakwama huko huko, na Ndaya akabaki akingoja mlio wa gari ambao haukusikika. Alikuwa hodari wa kungoja, lakini safari hii alimwona Mwanvua akipita kila asubuhi kwenda sokoni, mkono umeshika kiuno, hatua zimezidi kuwa fupi. Mama Elise alikuwa amesema kweli: tumbo halingoji.

Kwenda nyumbani kwake haikuwezekana. Amisa, dada yake Amadi, alikuwa akikaa pale, na Amisa hakutoka mlangoni tangu asubuhi mpaka jioni. Ila Mwanvua hakumwamini mtu na mahindi yake; kusaga alikwenda mwenyewe. Na mashini ile ya Manika, kwa wanawake, ndiyo iliyokuwa chumba cha siri. Ilipokuwa ikizunguka ilinguruma hata meno yakatetemeka, na mtu aliyetaka kumwambia rafiki yake habari za mume au za deni au za mkwe alimwekea mdomo sikioni akasema yote, watu wamejaa pembeni, na hakuna aliyesikia. Anayeambiwa alitikisa kichwa tu. Mambo mangapi yalipita pale, na unga mweupe ukawafunika wote!

Ndaya akachagua pale. Akaliacha beseni lake, akachuchumaa karibu na Mwanvua, akausogeza kidogo mtandio wa mwenzake, akasema yote aliyokuwa ameyakariri.

"Mama Mwanvua, mi ni Ndaya. Miye na bwana yako tulikuwa pamoja. Nimekosa kwako. Nilishika mimba, ikatoka, na ku dispensari bakaona kaswende mu damu yangu. Iko mwangu, iko mwa Amadi, labda iko na mwako. Uende kwa Mama Elise..."

Hapo umeme ukakatika.

Kila aliyewahi kuishi Kolwezi anajua vile mashini inavyokufa: ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo. Lakini Ndaya alikuwa ameshika mwendo, sauti yake ilikuwa juu ya kushindana na chuma, na kwa haraka yake akaliruka lile neno lenyewe, damu, aliloliandaa. Katika ukimya ule wanawake wote walisikia: "...bakusafishe! Kama haiko vile, mutoto atakufa!"

Mwanvua aligeuka polepole. Ya mwanzo yote, mashini ilikuwa imeyameza. Ilimwachia hayo tu. Na hapa Manika, mwanamke akisema kwamba mwenzake alikwenda "kusafishwa," hakuna anayeuliza kilichotolewa ni nini.

"Wanisafishe?" alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao Kasongo, cha kunyooka. "Wewe, unataka mimi nitoe mimba?"

"Hapana, mama, ni damu, nilisema damu..."

"Usiniite mama! Nimezika wawili, na wewe unaniletea wa tatu sikioni?"

Akanyanyua beseni lake, mahindi yakiwa hayajasagwa, akaondoka. Mama Mado akaweka mikono kichwani, wengine wakaanza kupiga makelele, na Ndaya akabaki amechuchumaa pale pale, mdomo wazi mbele ya sikio lisilokuwepo.

Jioni, Mama Tshibola alikuwa ameshasikia majivu na kitambaa chekundu. Alimkalisha Ndaya jikoni, akafunga mlango, ingawa moshi ulikuwa mwingi.

"Mulopo wanyi, Mungu wangu! Miye nilikulea juu ya unipatie haya hii? Sasa sikia. Nitatafuta kuku. Baba Mulumba wa kanisa yetu atatutangulia, tutaenda kwa bale Baislamu, utapiga magoti, utasema: kinywa yangu ilikosa, munisamehe. Batapokea. Kisha utaenda kuikala Mutoshi kwa mujomba yako mupaka maneno ipole."

"Sitaenda na kuku, mama."

"Nini?"

"Nikiomba samahani ya laana, nimekubali ilikuwa laana. Batanisamehe, ndiyo. Batakula kuku. Na Mwanvua hataenda kwa Mama Elise hata siku moja. Atafikiri ile neno ilikuwa ya uchawi na imeisha."

Hakuwa mjinga, Mama Tshibola. Aliielewa hesabu hiyo, na kwa kuielewa alizidi kukasirika.

"Na ukisema kweli? Umefikiri? Laana, batu banasahau. Mwaka moja, banasahau. Lakini kaswende! Mwanamuke akijitaja na kaswende, nani atamuoa? Nani atakula hata mikate yake?"

"Amadi hanioi tena."

"Sisemi Amadi! Ninasema mutu yeyote!"

Ndaya alichochea moto, ingawa hapakuwa na chungu juu yake. "Mama," alisema, "wangu nilimushika mu mikono. Uliona vile alikuwa. Ngozi yake uliiona."

Mama Tshibola alikuwa ameiona. Yeye ndiye aliyemvika.

"Ule mwanamuke alishika batoto ba vile mara mbili," alisema Ndaya, "na anafikiri ni batu banamuonea kijicho. Mi ninajua ni nini. Nikikaa Mutoshi na kujua, nitakuwa mutu wa namna gani?"

Shangazi aliinuka. Alifungua mlango ili moshi utoke, akakaa kizingitini akiwapa mgongo moto na Ndaya. "Uvae kitenge kizuri," alisema mwishowe, kwa hasira. "Basiseme tena tunakutuma mu matambara."

Siku ya posho, yaani Jumamosi, ilikuwa siku ya salongo. Mkuu wa mtaa alipita na filimbi, na kila nyumba ikatoa watu wa kufagia barabara na kuchimba mifereji. Mwenye mimba kubwa aliachwa. Ndaya alimtazama Amisa akitoka na jembe, akamngoja afike mwisho wa barabara, penye mfereji mkubwa. Kisha akaweka ufagio wake chini, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye parseli, kiwanja cha Amadi, akavuka ua.

"Mumuone!" Mama Mado alisimama na ufagio wake kama mwenye bendera. "Anarudia kumalizia! Sitwayen, utoke mule! Mushefu! Mushefu iko wapi?"

Ndaya hakugeuka. Mlango ulikuwa wazi, na pazia la maua lilikuwa limening'inia.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Ni Ndaya. Sitaingia. Nitasema huku huku inje."

Kisha sauti ya Mwanvua, karibu sana, nyuma ya pazia tu: "Umekuja na nini leo?"

"Na kinywa tu. Mama Mwanvua, ile siku mashini ilikula maneno yangu. Mi sikusema utoe mimba. Nilisema bakusafishe damu, na hii neno sasa siitaki tena, ni neno ya kujificha. Nitakuambia na majina yake. Nililala na bwana yako. Nikashika mimba. Mutoto akatoka amekufa, ngozi yake inabanduka kama ya mutu aliyeungua. Ku dispensari baliona kaswende mu damu yangu. Amadi naye iko nayo, aliniambia yeye mwenyewe kama alikuwa na kadonda. Mashindano ya Mama Elise inaponyesha mama na mutoto, kama inafika mbele ya kuzala."

Nyuma ya pazia, pumzi ya mtu mzito. Kitu kama kigoda kilisukumwa.

"Ngozi yake," alisema Mwanvua. "Ulisema ilikuwa vipi?"

Ndaya akarudia. Akaeleza mikono, akaeleza nyayo.

Mwanvua alicheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Mama mkwe wangu aliniosha kwa dawa za miti miezi mitatu," alisema. "Eti nina jini anayekula watoto." Kisha sauti ikawa ngumu tena. "Lakini nitakuaminije? Unataka bwana yangu. Mke mwenza akija kwa kunong'ona, si ndivyo wanavyovunja nyumba za watu? Kwenye mashini ulininong'onea. Leo tena unaninong'onea pazia. Kama ni kweli, liseme kwa sauti. Kule nje wamesikia laana yako. Wasikie na hilo."

Ndaya alitazama barabara. Fagio zilikuwa zimesimama. Mama Mado alikuwa amefika mpaka kwenye ua, na nyuma yake wengine, na kijana mmoja mwenye toroli, na wanawake waliokuwa wakinunua mikate yake kila asubuhi, wengine kwa kukopa. Aliwafahamu wote. Alijua nani atacheka na nani atalitangaza mpaka Tenke.

Akarudi katikati ya uwanja, mahali ambapo kila mtu angemwona, akaachilia mikono yake.

"Mama Mado!" aliita. "Wewe ulisikia siku ile. Sikia na leo. Banamama bote, musikie. Miye, Ndaya, nilikuwa na kaswende. Nimepigwa mashindano, ninapona. Ilinipata kwa mwanaume, na iliua mutoto wangu mu tumbo. Sikulaani mutu. Nilikuwa ninamuambia Mama Mwanvua habari ya kaswende yangu, juu kila mwanamuke mwenye mimba anapashwa kujua, na mashini ikakatika. Njo ile tu."

"Anasema nini?" aliuliza bibi mmoja mwenye masikio mazito.

"Anasema kaswende," alijibu mwingine.

"Ya nani?"

"Yake!"

Mtu akacheka. Kijana wa toroli akapiga mluzi, na Mama Mado, kwa mshangao wa wote, akamgeukia: "Funga kinywa, wee! Mamako haikukuzala?" Akabaki ameshika ufagio kwa mikono miwili, akimtazama Ndaya kana kwamba hajawahi kumwona. Mwanamke mmoja wa nyuma, aliyebeba mtoto mgongoni, akakaza kitenge chake na kuondoka haraka, kichwa chini, kuelekea upande usio wake.

Ndaya alirudi mlangoni. Kitu kilichokuwa kigumu kuliko vyote alikuwa amekwisha kukisema.

"Nimesema yangu," alisema kwa pazia. "Yako sikuitaja, na jina ya bwana yako sikuitaja. Itabaki kwako. Mama Mwanvua, siku ya kwanza, Jumatatu asubuhi, nitakuwa ku mulango ya Mama Elise. Hauna lazima ya kunisalimia. Unaweza kunipita, unaweza kunitukana, uingie tu. Yeye hatauliza maneno mingi. Utakuya?"

Pazia halikutikisika. Kule mwisho wa barabara Amisa alikuwa ameona kundi la watu, ameweka jembe begani, anakuja mbio.

"Mama Mwanvua. Utakuya?"

Ndani kulikuwa na mtu. Ndaya alisikia bangili ikigusa ukuta, akasikia pumzi ile nzito ikienda na kurudi, na nyuma yake mwenyewe akamsikia Amisa akiusukuma mlango wa ua kwa nguvu. Hakugeuka. Alisogea karibu zaidi, mpaka maua ya pazia yakamgusa uso.

"Mama," alisema, "unijibu hata na kukohoa tu."